Tulivyorekodi zumari za mfuko ukumbini, Glasgow

Rekodi ya usiku wa kwanza iliharibiwa na joto.

Bendi yetu ni ya mtaani, hapa Glasgow, Uskoti: wapiga zumari za mfuko (bagpipe) 14 na wapiga ngoma 7. Tulipoamua kufanya maonyesho mawili Februari na kutoa albamu, kazi ya kurekodi nikatwishwa mimi, maana Unguja nilikuwa narekodi taarab na ngoma za harusi. Nikaikubali upesi.

Lakini zumari ya mfuko si udi. Ukishaubana mfuko kwapani, inalia kwa nguvu ileile mpaka mwisho. Ina noti 9 tu na haina kituo. Hata ukitaka kuirudia noti moja, unaikata kwa noti fupi ya kidole. Begani kuna mabomba 3 yanayovuma sauti moja chini ya wimbo. Wapigaji 14 ni mabomba 42, na yote lazima yapatane. Noti yao ya A iko karibu mitetemo 480 kwa sekunde, ilhali ya okestra ni 440, kwa hiyo piano ya ukumbini haikufai kitu.

Usiku wa kwanza tulizipatanisha kwenye korido yenye baridi. Tulipokaa chini ya taa za jukwaani, sauti zikaanza kupanda, kila ulimi wa tete unaotoa sauti kwa kipimo chake. Watu walisimama wakapiga makofi, nami nikafurahi nao. Nyumbani, nilipovaa hedifoni, nikasikia mabomba yanagombana: wau, wau, wau. Halafu maikrofoni nilizisogeza karibu mno, mpigaji mmoja wa kulia akawafunika wenziwe wote.

Usiku wa pili niliomba taa ziwashwe muda wa saa mbili kabla ya onyesho. Bendi ikapiga palepale jukwaani kwa dakika 20, ndipo kiongozi akaanza kupita kwa mmoja mmoja kuzipatanisha. Nilisimama karibu naye. Juu ya tundu la zumari kuna kipande cha utepe mweusi wa umeme. Anasikiliza, anausukuma kwa ukucha ushuke upana wa uzi, noti inashuka, inatulia. Anahamia kwa mwingine. Hakuna aliyesema neno karibu saa nzima. Maikrofoni mbili nikazitundika juu, mita 4 mbele ya bendi, moja juu ya ngoma, na mbili nyuma kabisa kwa ajili ya watu. Zumari hizi zimezaliwa kusikika kwa mbali, ziache zifike zenyewe.

Karibu albamu yote ni ya usiku huo.

Baadhi ya wenzangu walitaka tukate makofi, na ule mngurumo wa mabomba yanapoamka baada ya ngoma. Nikakataa. Mzee mmoja wa bendi aliwahi kuniazima albamu ambayo 78th Fraser Highlanders wa Kanada waliirekodi mbele ya watu Ballymena, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1987, mwaka waliokuwa bendi ya kwanza kutoka nje ya Uskoti kutwaa ubingwa wa dunia. Ukiisikiliza, umekaa ukumbini nao. Nami nilitaka hivyo hivyo.

Kabla ya kuchapa CD, angalieni nyimbo ni za nani. Za jadi hazina shida. Kati ya tulizopiga, tatu watunzi wake wako hai, na leseni tuliikata kwanza. Msiliache hilo liwe la mwisho.

CD moja niliipeleka Unguja kwa ami yangu, mpiga nzumari tangu ujana wake, anayevuta pumzi puani huku mashavu yanaendelea kupuliza. Akanipigia simu.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeisikiliza mara mbili. Hawa watu wanavuta pumzi saa ngapi?”

“Wanavuta, ami. Mfuko ndio unaowashikia sauti.”

Akanyamaza kidogo. “Basi huo mfuko,” akasema, “ndio mashavu yangu.”