Katamarani mpya: kipimo cha kuamua kwanza

Ukijenga katamarani, yaani chombo cha tanga chenye bodi mbili sambamba, sola huongezwa baadaye, betri hubadilishwa, na kitanda kikibana seremala hukipanua. Lakini uwazi kati ya maji na daraja linalounganisha bodi mbili hauongezeki tena faiba ikishakauka. Kwa hiyo michoro ya jikoni na vyumba nimeiweka kando kwanza, nimebaki na kipimo hicho.

Chukulia katamarani ya mita 13 ya kutoka Mombasa kwenda Shelisheli. Mchoro unaonyesha uwazi wa sentimita 80, ila hapo chombo ni kitupu. Kipakie sasa: maji lita 600, dizeli lita 600 ambayo ni kama kilo 500, mnyororo wa nanga wa milimita 10, mita 80, kilo 180 hivi. Kuna boti ndogo na injini yake, watu wanne, vipuri, chakula cha mwezi. Kilo 2,000 zimepita; weka jenereta na mizigo ya kila mtu, unakaribia 2,500. Bodi mbili za ukubwa huo hukalia maji kwa eneo la kama mita za mraba 25, hivyo kila kilo 250 huzamisha chombo sentimita moja. Sentimita kumi zimeshakwenda.

Na njia hiyo ni ya mashariki. Kusi huvuma toka kusini-mashariki, kaskazi toka kaskazini-mashariki, kwa hiyo misimu yote miwili upepo unakujia upande wa omo, yaani mbele ya chombo. Wimbi huinuka katikati ya bodi na kupiga daraja kwa chini. Kinachoumia kwanza ni kiungo cha faiba kinachoshika kuta za ndani. Dalili yake ni mlango uliokuwa ukifungika vizuri kuanza kukwama. Bandua ubao wa pambo uone kama faiba imeachana na mbao. Mjenzi aulizwe kama kuta zimegandishwa kwa gundi tu au zimefungwa kwa faiba pande zote mbili, juu hadi chini. Na uwazi uandikwe kwenye mkataba kwa uzito wa safari.

Mikuku nachagua mifupi ya kudumu. Mbao za kushusha, zinazoteremshwa majini badala ya mkuku, hukiwezesha chombo kupanda upepo vizuri zaidi, hilo halina ubishi, lakini zikigonga mwamba zinaweza kupasua ala, yaani sanduku zinamopita, na ala iko ndani ya bodi. Mkuku uliojengwa kama kipande cha peke yake chini ya bodi iliyofungwa ukivunjika, maji hayaingii. Usukani uwe mfupi kuliko mkuku, ili chombo kikikaa chini kikalie mikuku. Pwani yetu wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hushuka zaidi ya mita tatu, basi chombo kinakalishwa mchangani, kinasuguliwa na kupakwa rangi kabla maji hayajarudi.

Injini mbili, kila moja na shafti yake. Mnyororo ukae karibu na mlingoti, maana uzito wa omoni hukifanya chombo kipige mbizi kila wimbi.

Tanga linahitaji nidhamu zaidi. Jahazi likizidiwa hulala, nahodha akajua. Katamarani hailali hivyo, nguvu hubaki kwenye mlingoti na nyaya zake mpaka kitu kikatike au chombo kipinduke. Basi kipima upepo si pambo: upepo ukifika noti 18 (maili za baharini kwa saa) punguza tanga mara ya kwanza, 25 mara ya pili, na kwa ajili ya usiku punguza kabla ya jua kuzama. Kamba za kupunguzia zifike zote penye usukani, ili mtu mmoja wa zamu aifanye kazi hiyo bila kuamsha mwenzake.