Mtoto wa Kariakoo kahamia msituni

Jamani, mimi niliyezaliwa Kariakoo na kuandika hadithi zote katikati ya honi, sasa niko Amani, huku Muheza, na kushuka sitaki. Kwenye hadithi zangu miti ilikuwa miwili tu: mwembe na mwarobaini! Huku kuna babu mmoja Msambaa ananitembeza. Huu msambu, mbegu zake hukamuliwa mafuta. Ule mvule. Chini kwenye kivuli, iliki. Mara akanionyesha ua dogo la zambarau limejishikiza kwenye mwamba wenye unyevu. Kumbe ndilo lile Wazungu wanaloweka dirishani kwenye vyungu. Asili yake ni milima hii ya Usambara na jirani zake!

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapa mwaka 1902, hifadhi ikatangazwa 1997. Hayo mtayasoma popote. Ila hondohondo akikupita juu, mabawa yanavuma mpaka unainama mwenyewe.

Baridi ipo, na mtandao unashika kwa kubembelezwa. Leo jioni nimemuuliza, "Shikamoo babu, kesho tunapita wapi?"

"Marahaba mjukuu wangu. Kesho uje na viatu vya maana, hivyo vya harusini uviache."