Moshi Mweusi wa Kimara

Mwaka 2019, flaiova ya Ubungo ikiwa bado inajengwa, ililetwa gerejini kwetu Tabata pikapu ya petroli, V6 ya lita 4.0, injini imefungwa supachaja, pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Dar gari za namna hiyo huzioni kila siku. Mwenyewe alilalamika kwamba inabugia petroli, na ikipandisha Kimara inatema moshi mweusi.

Tukafungua plagi: zote sita zina masizi makavu. Fundi mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, akachomoa dipstiki akanusa oili. Petroli tupu.

"Mzee, huyu kijana si ana kompyuta? Apunguze mafuta, niondoke. Nina safari ya Iringa."

"Atapunguza, bosi wangu. Kwanza tujue hewa inakwenda wapi."

Nikaunganisha laptopu. Gari ikiwa sailensa, yaani imesimama injini inanguruma bila kukanyagwa, kontroboksi (kompyuta ya injini) ilikuwa inaongeza mafuta, maana injini ilikuwa inakosa petroli. Tukaenda Kimara, Mzee anaendesha, mimi macho kwenye skrini. Alipokanyaga na presha ya supachaja kupanda, kipimo kikashuka hadi 10.2, yaani sehemu 10.2 za hewa kwa 1 ya petroli. Petroli huungua sawasawa kwenye 14.7; injini yenye supachaja ikibanwa hupewa mafuta zaidi ili isichemke, lakini mwisho 11.5 au 12. Sailensa inapungukiwa, mlimani inazidishiwa! Hilo ndilo lililonifanya nikubaliane na Mzee moja kwa moja. Nozeli mbovu zinazomwaga mafuta zingezidisha hata kwenye sailensa.

Lazima kulikuwa na tundu hewa ikishapita sensa inayoipima na supachaja yenyewe. Gari ikisimama injini inanyonya, hivyo hewa isiyopimwa inajipenyeza. Ukikanyaga, presha inaisukuma nje hewa ambayo kontroboksi imeshaihesabu na kuimwagia mafuta yake.

Tukaziba njia ya hewa, tukaingiza upepo wa kompresa kidogo sana, psi 5, na dogo mmoja akapaka maji ya sabuni kila kiungo. Ilichukua muda, jua la Tabata linatuchoma. Mwishowe kioo cha mkononi kikaonyesha povu likitutumka kwa nyuma, upande wa kabini: gasketi kati ya supachaja na manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, bolti mbili zimelegea.

Mwenye gari alinuna kusikia supachaja itafunguliwa. Mzee akamketisha, akamweleza kwa upole: tukipunguza mafuta leo, siku fundi mwingine akiziba tundu hili, injini itakosa petroli ikiwa kwenye presha, na pistoni zitatoboka. Nilimpenda sana Mzee kwa dakika zile alizotumia.

Gasketi mpya, bolti zikakazwa kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, oili ikamwagwa yote kwa sababu petroli ilishaipunguzia nguvu. Jioni tukapandisha tena Kimara: 11.7, kioo cha nyuma hakina moshi. Programu ya mafuta hatukuigusa kabisa, na mwenye gari akaondoka asubuhi kwenda Iringa.