Nilivyotengeneza kitabu cha picha cha kuchekesha kisicho na ukurasa wa mafunzo

Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hucheka zaidi pale anapoona jambo ambalo watu wazima waliomo kitabuni hawajaliona. Nimefundisha chekechea Dar es Salaam kwa muda mrefu wa kutosha kulijua hilo bila kuambiwa na mtu, na ndiyo sababu nilipoamua kutengeneza kitabu changu nilikataa karibu kila ushauri niliopewa. Leo ninafurahi kusema kwamba kitabu kipo, watoto wanakigombania, na sijutii ushauri hata mmoja niliouacha.

Kisa chenyewe ni cha nyumba ya kupanga yenye bafu moja la uani. Asubuhi na mapema mlango wa bafu umefungwa, maji yanasikika yakitiririka ndani, na foleni inaanza kujipanga: Baba mwenye taulo begani, Mama mwenye ndoo, Dada ambaye mswaki uko mdomoni na sare ya shule iko mkononi, Bibi, kisha jirani wa chumba cha tatu. Wote wanaamini aliyemo ndani ni Mjomba, kwa sababu Mjomba akiingia bafuni hutoka jua likiwa limeshapanda. Karibu na mwisho Mjomba anatokea barabarani, mkate mkononi, anasalimia na kushika nafasi yake nyuma ya foleni. Ukifunua ukurasa unaofuata, mlango uko wazi na beberu wa mwenye nyumba anatafuna kipande cha mwisho cha taulo.

Mhariri wa kwanza aliyesoma mswada wangu aliuliza funzo liko wapi. Alinishauri niongeze ukurasa wa maswali ya ufahamu, nimvalishe Baba shati kwa kuwa fulana na taulo havina heshima, na ikiwezekana nibadilishe familia nzima iwe ya sungura na fisi. Nawapenda sungura na fisi, nami huwasimulia kila wiki. Hata hivyo vitabu vingi vya Kiswahili ninavyovitumia darasani ni vya ngano za wanyama, au vya kumkumbusha mtoto kunawa mikono na kuwatii wazazi, na ni vichache mno vinavyomwonyesha nyumba inayofanana na anayolala na kuamka ndani yake, watu wake wakiwa vilevile walivyo saa kumi na mbili asubuhi. Baba mwenye fulana na taulo ndiye baba halisi. Ukimvalisha shati umemfukuza nyumbani kwake, na mtoto hujua mara moja kwamba anadanganywa. Nilichukua mswada wangu nikaondoka.

Mchoraji niliyempata alikuwa amejifunza mtindo wa tingatinga, ule uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972. Ana mkono wa ajabu. Michoro yake ya kwanza kwa ajili ya kitabu hiki ilikuwa mizuri kiasi kwamba ningeweza kuitundika sebuleni, lakini kama kichekesho haikufanya kazi hata kidogo. Kila nafasi ilikuwa imejazwa majani, ndege na vitone, watu wote walitazama upande mmoja kwa macho yaleyale ya duara, na beberu alikuwa amechorwa mzima mzima, pembe na ndevu, akichungulia juu ya ukuta wa bafu tangu ukurasa wa tatu. Nilipomwomba amfiche alisikitika. “Mwalimu,” akaniambia, “mnyama ndiye ninayemchora vizuri kuliko vyote, halafu unataka nimfiche?” Nikamjibu, “Kaka yangu, mtoto akishamwona mzima ukurasa wa tatu, kurasa zote zilizobaki anangoja nini?” Kulikuwa na tatizo jingine pia: rangi zile za makopo zinazong'aa, ambazo ndizo uzuri wa tingatinga, ziliurudisha mwanga wa skana na kuacha mabaka meupe juu ya picha. Tukahamia kwenye wino na rangi za maji, na akaanza upya.

Hapo ndipo tulipopata mbinu ninayojivunia kuliko nyingine zote. Kwanza tulikubaliana kwamba neno mbuzi lisitokee popote kwenye maandishi, tangu jalada hadi mwisho. Kisha tukalitundika taulo la milia ya buluu na nyeupe juu ya mlango wa bati. Katika ukurasa wa nne linaning'inia refu, likikaribia kugusa kitasa. Ukurasa wa sita limepungua kidogo. Ukurasa wa nane mlia mmoja haupo tena, na kwenye uwazi ulio chini ya mlango kuna kwato moja, ndogo, nyeusi, karibu na kandambili za Bibi. Maandishi yanaendelea kuzungumzia jambo jingine kabisa, kwa sababu Baba anaangalia saa na Mama anasema maji yatakwisha. Mtoto anayesomewa hayasikilizi tena maneno hayo. Ananyoosha kidole, anapiga kelele, anamwambia msomaji atazame pale. Niwaombe wanaoandika kwa ajili ya watoto wadogo: picha inapochekesha, maneno yakae kimya.

Kwa watu wazima nilitumia kanga. Kila kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo linalosema yale ambayo mvaaji hayasemi kwa mdomo. Bibi amejifunga kanga iliyoandikwa SUBIRA YAVUTA HERI, kwa herufi kubwa kama zilivyo kanga zenyewe, huku akiugonga mlango kwa kandambili kwa nguvu zake zote. Jirani anayejipenyeza kwenye foleni amejifunga MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mtoto asiyejua kusoma anacheka kwa ajili ya kandambili, mama anayemsomea anacheka kwa ajili ya jina la kanga, na wote wawili wanaomba kitabu kisomwe tena. Mzazi ndiye anayebeba mzigo wa kukisoma kitabu kilekile kila usiku, kwa hiyo anastahili kuwekewa kitu chake humo ndani.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, kunja karatasi sita za A4 katikati, zichomeke moja ndani ya nyingine, utapata kurasa 24. Chora humo kwa penseli hata kama mkono wako si wa mchoraji, bandika maandishi, kisha wasomee watoto. Mimi niliwasomea wa mtaani kwetu, kwenye baraza, na sikuwauliza wamependa nini, kwa kuwa mtoto mwenye adabu atakujibu kwamba amependa vyote. Nilitazama macho yao, na kila walipocheka niliweka alama pembeni ya ukurasa. Kwa njia hiyo niligundua kwamba kuja kwa Mjomba kunapaswa kuwa ukurasa wa kulia, ili mlango unaofunguka uwe nyuma yake na mkono wa msomaji ndio uufungue. Katika mpangilio wa awali vilikuwa kwenye kurasa mkabala, na watoto walimwona beberu kabla Mjomba hajamaliza kusalimia.

Kurasa zenyewe zilibaki 24, kwa sababu kitabu kinachofungwa kwa pini katikati lazima idadi ya kurasa zake igawanyike kwa nne. Ukiwa na kurasa 22 za kisa, mbili zilizobaki utazilipia tu, basi zitumie. Mimi nilimweka beberu akiwa peke yake uani, akiitazama kanga ya Bibi iliyoanikwa kwenye kamba.

Uchapaji ulinitoa jasho. Nakala ya majaribio ilipokuja, kanga nyekundu ya Bibi ilikuwa imegeuka rangi ya matofali, na kijana wa mapokezi akasisitiza kwamba hiyo ndiyo rangi iliyokuwa kwenye faili. Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine ya uchapaji hutengeneza kwa wino wa aina nne, yaani siani, majenta, njano na nyeusi, na nyekundu kali ndiyo huumia sana katika kuhamishwa. Sikubishana. Siku iliyofuata nilirudi na kanga yenyewe mkobani, nikaitandaza juu ya meza iliyo karibu na dirisha, nikaweka nakala yao kando yake, nikamwomba fundi wa mashine aje aangalie kwa mwanga wa jua. Alitazama, akaguna, akaenda kupunguza siani na kuongeza majenta na njano. Nakala iliyofuata ilikuwa nyekundu ya Bibi hasa. Nawashauri mbebe kitu halisi mnachotaka kifanane, kwa maana maelezo ya rangi kwa mdomo hayamalizi ubishi.

Gharama sikuziweka kwa hesabu kali. Sehemu kubwa ilikwenda kwa mchoraji, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Uchapaji wa nakala mia chache kwa mashine ya dijitali ulikula shilingi elfu nne na kitu kwa kila nakala, na niliambiwa kwamba ningechapa maelfu kwa mashine za sahani, yaani za ofseti, bei ingeshuka sana, ila sina chumba cha kulaza maelfu ya vitabu. Usifanye ubahili kwenye karatasi, kwani vidole vya watoto hawa vina mate na mafuta ya maandazi. Chagua karatasi nzito na jalada lenye lamineshi, yaani utando mwembamba wa plastiki. Namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, nenda mapema, na kumbuka kuwapelekea nakala zao baada ya kuchapa. Kwa kuwa nililenga majumbani na si mashuleni, sikuingia kwenye safari ya kutafuta ithibati ya kitabu cha shule.

Nakala nyingi nimeziuza kwenye mahafali ya chekechea, ambapo mzazi ameshatoa pochi kununua maua ya plastiki na anashawishika kwa urahisi akimwona mwanawe ameng'ang'ania kitabu. Huwa simwelezi mzazi habari za kitabu. Ninamkabidhi mtoto kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa nane, penye ile kwato chini ya mlango, kisha ninanyamaza.