Siku moja maishani mwangu: viwanja, tope na Forester yangu

Saa 10:45 alfajiri, Goba, Dar es Salaam

Kabla ya chai, boneti. Injini iliyolala usiku kucha inakuwa imeteremsha oili yote chini, na hapo ndipo dipstiki inasema ukweli. Navuta, nafuta kwa kitambaa, narudisha, navuta tena. Leo oili imekaa karibu na alama ya juu. Namulika tochi kwenye chupa ya akiba ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, kisha sakafuni chini ya injini, natafuta tone jipya. Pakavu.

Gari langu ni Subaru Forester, ile SG5 yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Injini ni EJ205, cc 1,994, silinda 4 zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, pistoni zikitoka na kuingia kwa kuelekeana. Wenyewe wanaiita boksa. Kwa kuwa imelala, uzito wake uko chini, na ndiyo maana gari hili refu linakata kona bila kuyumba.

Nawasha. Jirani yangu mgeni aliwahi kunisimamisha getini kwa nia njema kabisa: "Mama, gari lako linamisi." Halimisi, hakuna silinda inayokosa kuwaka. Bomba la ekzosi la upande mmoja ni refu kuliko la upande wa pili, kwa hiyo mapigo ya moshi hayafiki kwenye turbo kwa kufuatana sawasawa, na huo mngurumo wa kukatakata ndio sauti yake halali. Mimi nikiusikia asubuhi najua silinda zote ziko kazini. Nasubiri mpaka mshale wa mzunguko ushuke na kutulia, oili ifike vizuri kwenye turbo, ndipo natoka.

Saa 11:20 alfajiri, barabarani

Mimi ni mpima ardhi. Leo tunapima shamba la mzee mmoja ng'ambo, Kigamboni, ndani kabisa kupita Kibada, na Aprili hii mvua haijatupumzisha. Nashuka Makongo, napita mbele ya Chuo Kikuu Ardhi nilikosomea, naingia Sam Nujoma mpaka Ubungo, kisha Mandela. Kijana wangu wa vipimo namchukua kituo cha External. Buti imejaa: mashine za GPS, miguu yake mitatu, nondo, nyundo, majembe, na bikoni za zege, zile nguzo fupi za kuonyesha mpaka, ambazo huwa nazipanga katikati ya gari ili zisiegemee upande.

Mandela ndiyo njia ya malori ya makontena yanayokwenda bandarini, na ukichelewa ukaingia saa 1 asubuhi utakaa Buguruni mpaka uchoke. Turbo kwenye foleni inakula mafuta, hilo halina ubishi, lakini mafuta si hofu yangu kubwa. Hofu yangu ni joto. Blok na silinda hedi za injini hii ni za aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto kupita kiasi hedi inapinda na gasketi inaachia. Kwa hiyo jicho moja barabarani, jicho moja kwenye mshale wa temperecha. Ukikaa palepale chini kidogo ya katikati ulipozoea kukaa, endelea na safari. Ukianza kupanda hata kidogo, simama, usiseme "nitafika tu".

Tunapita chini ya flyover ya Mfugale pale TAZARA, Uhasibu, Kurasini, tunalipia daraja la Nyerere na kuvuka. Bado hata jua halijachomoza vizuri.

Saa 1:30 asubuhi, kupita Kibada

Lami imeisha zamani. Mbele yetu kuna bonde ambalo wiki iliyopita lilikuwa na vumbi, leo lina tope jeusi na maji katikati. Magari mawili yameegeshwa kando, wenyewe wamesimama wamefunga mikono, wanasubiri jua. Nashuka na kuangalia kwa miguu. Napima kina kwa mpini wa jembe. Tope lina chini ngumu, maji hayafiki bampa.

Hapa ndipo napenda kuwa na hili gari kuliko jingine lolote. Hakuna fimbo ya kuvuta wala kitufe cha kubonyeza, nguvu inakwenda mbele na nyuma wakati wote. Naweka gia ya kwanza, naingia polepole, mguu haupandi wala haushuki, usukani naushika bila kupigana nao. Katikati nasikia matairi ya mbele yakianza kuteleza, kisha nyuma panasukuma, gari linajipinda kidogo na kunyooka. Kijana wangu ameng'ang'ania mashine kifuani kama mama na kichanga. Tunatokea ng'ambo, matope yamefika kwenye vioo.

"Bosi, hapa hata trekta lingefikiria mara mbili," anasema.

Namwambia siri iko kwenye matairi pia. Manne yote nilinunua siku moja, aina moja, saizi moja, na nayabadilishana nafasi ili yalike sawa. Ukiweka tairi jipya moja na matatu yaliyolika, lile jipya ni kubwa kidogo kwa mzunguko, kwa hiyo mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti na klachi ya kugawa nguvu inakaa ikisuguana siku nzima mpaka inaungua. Ukilazimika kufunga lile tairi jembamba la akiba, gia boksi ya otomatiki ya enzi hizi ina mahali pa fyuzi ndani ya boneti pameandikwa FWD. Chomeka fyuzi pale, gari linavuta kwa mbele peke yake mpaka ufike kwa fundi wa tairi. Wenye magari haya wengi hawajawahi hata kulifungua lile kasha.

Mzee anatungoja chini ya mwembe pamoja na mjumbe na majirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepitaje pale bondeni? Hiyo ni Toyota?"

"Subaru, mzee."

Anaizunguka. Anainama kuangalia chini. Ananisimulia kwamba akiwa mtoto waliwahi kukimbilia barabarani kuangalia magari ya Safari Rally, enzi yale mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yalipokuwa yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Anakumbuka vumbi, na anakumbuka walivyokatazwa kusogea. Basi na mimi nikapata pa kuanzia. Nikamweleza kuhusu Patrick Njiru, Mkenya, aliyeimaliza Safari ya 1993 kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika hata cc 660, kwenye njia zilizokuwa zinavunja magari makubwa. Nikamweleza Colin McRae aliyeshinda Safari ya 1997 kwa Subaru Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000 kwa Impreza hiyohiyo ya bluu yenye maandishi ya njano. Nikamwambia kampuni hii mizizi yake ni watengeneza ndege, kwamba injini ya kulala waliiweka kwenye gari kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na kwamba mwaka 1972 walitoa Leone ya familia inayovuta kwa magurudumu manne, wakati wengi waliona fowili ni mambo ya jeshi na mashamba.

Mjumbe akakohoa. Majirani wanataka kwenda kazini.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri. Kila jirani alisimama kwenye mpaka wake na kukubali, tukachimbia bikoni, tukachukua vipimo, watu wakasaini. Ugomvi wa mpaka ulikuwa mmoja tu, wa minazi miwili, na mjumbe aliumaliza kabla sijafungua mdomo.

Saa 7 mchana

Wali, maharage na samaki wa kukaanga pale Kibada. Nimeegesha kivulini, boneti wazi.

Saa 8:30 mchana, Mandela

Kabla ya kufika TAZARA nikaona Impreza nyeusi kando ya barabara, taa zinawakawaka, na breakdown, gari la kuvuta magari mabovu, imeshafika. Tayari walikuwa wanafunga mnyororo kuinua magurudumu ya mbele ili ya nyuma yaburuzike. Niliwasha indiketa bila kufikiri.

"Samahani kaka, hii ni otomatiki?"

Mwenye gari, kijana aliyevaa kitambulisho cha kazi shingoni, akasema ndiyo.

"Basi msiivute hivyo. Itakufa gia boksi."

Dereva wa breakdown hakufurahi. "Dada, mimi gari navuta kila siku."

"Najua, na hii si kosa lako. Hii inavuta mbele na nyuma. Ukiinua mbele, nyuma ikaburuzika, magurudumu ya nyuma yanazungusha shafti, ya mbele yamesimama, na klachi iliyopo katikati inaungua. Inatakiwa ipande yote juu ya gari la kitanda."

Nikalala chini kwenye kitambaa changu nikawaonyesha shafti inayokwenda nyuma na difu yake. Dereva naye akainama, akaangalia kwa makini, akatikisa kichwa kukubali. Akampigia mwenzake mwenye gari la kitanda, na bei walielewana wenyewe. Mwungwana sana, kwa kweli, angeweza kuninyamazisha.

Tatizo la Impreza lilikuwa joto. Kijana alikuwa ameshika chupa ya maji ya kunywa, yuko tayari kufungua mfuniko wa rejeta. Nikamzuia, maana maji yanayochemka kwa shinikizo yanaruka usoni. Tukasubiri ipoe kabisa. Kumbe siku mbili kabla alibadilishiwa kulanti mahali fulani na hakuna aliyetoa hewa. Injini ya kulala inaficha hewa, ukijaza haraka unadhani imejaa, kumbe kuna pengo, na mshale unapanda ghafla. Juu ya rejeta, pembeni, kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Nilimwonyesha kwa kidole, nikamwambia fundi ailegeze wakati wa kujaza, ajaze polepole mpaka itoke kulanti tupu bila mapovu, kisha injini iungurume mpaka feni ziwake. Na isiwe maji ya bomba, yanaleta kutu ndani.

Kuna maneno nimeyasikia sana mjini hapa: Subaru inasumbua. Mimi sikubaliani nayo, na siku kama ya leo ndiyo ushahidi wangu. Gari hili limeundwa tofauti na yale ambayo mafundi wetu wengi wamejifunzia, basi likishikwa kwa mazoea ya gari jingine, linaumia. Ukilijua, linakupeleka bondeni Kigamboni na kukurudisha. Kijana alichukua namba yangu na ya fundi wangu.

Saa 9:45 mchana, ofisini Ilala

Kushusha data, kuhifadhi nakala mbili, kumwandikia mzee ujumbe kwamba mchoro unaanza kesho.

Saa 10:40 jioni, mtaa wa Gerezani, duka la spea

Jumamosi nabadilisha mkanda wa taiming. Kwa EJ ya turbo huwa ni kama kila kilomita 100,000, na ukinunua gari la kutoka Japani usilolijua historia yake, badilisha mapema. Mkanda mmoja unazungusha kamshafti 4. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, na hapo huzungumzii tena spea, unazungumzia injini nyingine.

Muuzaji ananifahamu. "Karibu mama Subaru! Orijino kabisa hii." Namwomba boksi nilifungue mwenyewe. Kwanza namba ya spea, lazima ianze na 13028. Kisha mkanda wenyewe nausogeza kwenye mwanga wa mlangoni: mistari myeupe ya alama imechapwa safi, haifutiki kwa kidole chenye mate, meno yote yana kingo kali, na mpira haunuki mafuta ya taa. Naukunja taratibu, hauna ufa. Huu ni wenyewe. Roller zinazoongoza mkanda nazo nazizungusha karibu na sikio, moja ina mchakacho mdogo, nairudisha, ananipa nyingine bila neno. Pampu ya maji nachukua pia, kwa sababu ukishafika kule ndani ni upuuzi kuiacha ya zamani na kulipia ufundi mara mbili. Tenshona, kile kifaa cha kukaza mkanda, mpya hana. Anayo ya mtumba, inabonyea kirahisi mno kwa vidole. Hiyo siichukui hata bure.

Saa 1:15 usiku, Goba

Kwenye kuosha magari nimewaambia waanze chini, kwenye matao ya magurudumu na shafti, ndipo waje juu. Tope la bonde limetoka vipande vizima.

Nikiwa jikoni fundi akapiga.

"Dada, tenshona imepatikana. Mpya, nimeishika mkononi, haibonyei."

"Asante sana, fundi. Jumamosi saa 1 asubuhi?"

"Saa 1. Njoo na injini ya baridi."

Nimemwomba asifungue kava mpaka nifike. Nataka kushika tochi mwenyewe na kuona kila mstari mweupe umekaa kwenye alama yake, na kulanti nitakuja nayo mimi.