Tulivyopata tundu la nne upande wa wanawake

Kwa miaka sita nimekuwa nikiuza nyanya na mboga za majani katika soko moja hapa Dodoma mjini, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo nilijizuia kunywa maji tangu asubuhi hadi jioni, jua letu lilivyo kali, kwa kuwa kwenda chooni kulimaanisha kuiacha meza na kupoteza wateja watatu au wanne. Mwaka jana niliugua UTI mara mbili. Mganga wa zahanati aliponiuliza ninakunywa maji kiasi gani kwa siku, niliona haya kumjibu.

Choo chenyewe kilijengwa kwa nia njema: jengo moja lenye pande mbili zinazolingana, matundu matatu kila upande. Hata hivyo, upande wa wanaume una pia ukuta wa vigae wenye mfereji chini yake, ambapo watu watano husimama kwa wakati mmoja, wakamaliza na kutoka, ilhali upande wetu tundu moja lilikuwa limetiwa kufuli kwa sababu lilihifadhi ndoo na mafagio. Wenzetu walikuwa na nafasi nane, sisi mbili. Isitoshe, mwanamke hutafuta kwanza pa kutundika mkoba na kanga, pengine ana mtoto mgongoni, pengine yuko katika siku zake. Hawezi kutoka upesi kama mwanamume. Haja ndogo kwa mwanamume ilikuwa shilingi 200, nasi tulitozwa 300 kwa haja yoyote, eti tunatumia maji mengi.

Nilipopeleka malalamiko mara ya kwanza, mwenyekiti wa soko alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mama, matundu ni matatu kwa matatu. Unataka haki gani zaidi ya hiyo?" Sikuwa na jibu la haraka. Usiku nilisoma kwenye simu kwamba jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2005 inayotaka kumbi mpya za starehe na majengo mengine ya aina hiyo yawe na vyoo viwili vya wanawake kwa kila kimoja cha wanaume, na kesho yake nikamweleza. Alicheka, akasema New York ni mbali. Nakiri kwamba nilianza pabaya.

Jumamosi, siku ambayo mabasi ya Kondoa na Kongwa hushusha wachuuzi wengi, niliketi na dada anayekaanga chipsi karibu na mlango wa choo, tukaandika kwenye daftari muda ambao kila mtu alisubiri kuanzia saa nne hadi saa tano. Wanaume walipita moja kwa moja. Mjamzito mmoja alisimama dakika kumi na nne, akakata tamaa, akaenda nyuma ya ghala.

Safari hii sikumpelekea mwenyekiti daftari peke yake, bali nilimwomba aje kuketi nasi Jumamosi iliyofuata, anywe chai ya tangawizi, atazame tu. Robo saa haikupita akamwona mke wa kaka yake kwenye foleni. "Shemeji, unasubiri nini hapo?" Shemeji akajibu bila kugeuka, "Zamu yangu, tangu ulipoagiza chai."

Kufuli liliondolewa siku hiyo hiyo. Tundu la nne lilihitaji akili kidogo, kwa maana kamati haikuwa na fedha za kujenga upya. Fundi alipolipima jengo aliona kuwa tundu la mwisho la wanaume limepakana na ukuta unaotutenganisha, hivyo akaziba mlango wake wa zamani kwa matofali na kutoboa mwingine upande wetu. Kazi ilichukua siku mbili na mifuko miwili ya saruji. Tuliomba pia makomeo, misumari ya kutundikia mikoba, na pipa lenye mfuniko la taulo za kike, ambalo kijana mtunza choo alikataa katakata kulimwaga, mpaka mama anayefagia soko alipoongezewa posho kwa kazi hiyo.

Siku hizi huja na chupa ya maji ya lita moja na nusu, na kufikia saa nane mchana huwa imekwisha. Shilingi 300 bado tunatozwa. Mwenyekiti ameahidi kuliingiza suala hilo katika kikao kijacho cha kamati, nami nimeanza kuandika kwenye daftari lile lile kila ninacholipa.