Kilichojificha ndani ya seli

Kutoa maandishi kwenye jedwali la Word ni kazi ya sekunde chache. Bofya popote ndani ya jedwali, nenda Layout, bonyeza Convert to Text, chagua kitenganishi (alama itakayotenganisha maandishi ya kila seli, kama koma au tabu, ile ya kitufe cha Tab), basi. (Kuna Layout mbili, unayoitaka ni ile ya mwisho kulia, inayojitokeza ukiwa ndani ya jedwali tu.) Muda unaliwa na vitu vilivyomo ndani ya seli, yaani vile vijumba vya jedwali, na Word haikuonyi kuhusu vitu hivyo.

Chukua orodha ya kikoba: jina, simu, hisa, jumla. Kwenye seli ya simu mtu kaandika namba mbili, katikati kapiga Enter. Kwa macho bado ni mstari mmoja wa jedwali. Ukigeuza kwa tabu, ile Enter inaukata mstari: jina linabaki juu na namba ya kwanza, namba ya pili inaanguka chini, inaburuta hisa na jumla. Sasa hisa zimesogea zikakaa chini ya simu. Wanachama wakiwa 40, kosa hulioni mpaka hesabu zigome.

Kwa hiyo safisha kabla ya kugeuza, na fanya hivyo kwenye nakala. Ctrl+Shift+8 inafichua alama: Enter ni ¶, mwisho wa seli ni ¤. Teua jedwali lote, bonyeza Ctrl+H (tafuta na badilisha), tafuta ^p, yaani Enter, mahali pake weka alama isiyotumika popote kwenye waraka, mfano |. Word inabadilisha ¶ peke yake, ¤ haiguswi. Ikiuliza kama iendelee na sehemu nyingine ya waraka, kataa. Rudia kwa ^l, yaani Shift+Enter, kisha ^t, yaani tabu, maana wapo wanaopanga maneno ndani ya seli kwa Ctrl+Tab. Hiyo ibadilishe iwe nafasi.

Kitenganishi cha koma mimi nakikataa kabisa kwenye jedwali lenye fedha. 1,250,000 itageuka safu tatu. Tabu inatosha.

Seli zilizounganishwa ni adha nyingine. Mbili zikiunganishwa kwa ulalo, mstari ule una seli pungufu, na kila kinachofuata kinasogea kushoto. Zikiunganishwa kwa wima, neno linatokea mstari wa kwanza tu. Zigawe kwanza kwa Split Cells, ujaze zilizobaki tupu.

Kubandika moja kwa moja Excel kunavutia, ila namba ya simu inayoanza na 0754 inaanza na 754, kwa sababu Excel inaiona ni tarakimu ya kuhesabia. Zipe safu muundo wa Text kwanza, kisha bandika kwa kufuata muundo wa pale unapobandika. Na zile ¶ zitakusumbua hata huko, kila moja inazaa mstari wake.

Kwenye LibreOffice Writer ni Table, Convert, Table to Text. Usafi ni uleule.

Wanaotumia makro, yaani programu ndogo za kuiendesha Word, wana lao. Maandishi ya seli yanakuja na mkia wa herufi mbili, namba 13 na 7, unaokatwa kwa Left(s, Len(s) - 2), s ikiwa ni maandishi hayo. Halafu namba za orodha zinazojiandika zenyewe hazimo kabisa kwenye Range.Text, yaani maandishi ambayo makro inayasoma. Bonyeza Alt+F11 kufungua dirisha la makro, kisha Ctrl+G kupata sehemu ya kuandika amri, andika ActiveDocument.ConvertNumbersToText, piga Enter. Kuanzia hapo ni maandishi ya kawaida, na makro inayasoma.